Kilo na Dakika

Kwenye daftari langu safari ni fupi:
Kavumu hadi Shabunda, kilomita mia na sabini za hewa,
dakika arobaini. Zikizidi, ni upepo.
Kwa njia ya msituni, shemeji yangu Itongwa
alitumia siku kumi na tatu
akisukuma baiskeli ya sabuni na chumvi,
na nusu ya chumvi aliinywesha mvua.

Mimi siruki. Mimi napima.
Panda mizani, mama, na mtoto mgongoni hivyo hivyo,
na hilo beseni, na hiyo sufuria ndani ya beseni.
Usibane pumzi, pumzi haina kilo.
Rubani haulizi wewe ni nani,
anauliza wewe ni ngapi.

Alfajiri, ukungu kabla haujaamua
kama utauachia mlima Kahuzi au utaumeza hadi adhuhuri,
nafungua foni:
"Shabunda, Shabunda, hapa Kavumu. Mbingu?"
Na sauti ya mwanamke, kama chungu kinachokwanguliwa:
"Kavumu, nakupata. Mawingu upande wa Ulindi tu.
Kiwanja kimekauka. Mbuzi nimewafukuza."

Kila siku mbuzi. Miaka kumi na tisa ya mbuzi.
Siku moja: "Leo hakuna kiwanja, kuna ziwa."
Mwaka mmoja hakujibu juma zima,
nami kwenye safu ya hali ya hewa
niliandika: kimya.
Aliporudi hakueleza. Alisema, "Mbuzi wamepungua."
Sikuuliza. Foni ina masikio mengi,
na betri ni ya kampuni.

Sasa, Alhamisi iliyopita, foleni imefika mpaka kwa wauza ndizi.
Abiria wa nane ana bandeji jicho la kushoto,
ametoka hospitali, amebeba kilo tano za viazi
na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Karatasi inasema Wabiwa Kyalumba. Jina silijui.
Akapanda. Nikasoma: arobaini na tisa.
"Soma vizuri," akasema. "Viatu vimelowa."

Mshale ukatulia.
Mimi ndiye niliyeyumba.

Nikasema, kwa sauti ileile ya alfajiri,
"Shabunda, Shabunda. Mbingu?"
Akanigeuzia jicho lililobaki,
akanipima taratibu, toka koti la plastiki mpaka ndala.
"Kavumu," akasema. "Miaka yote nilidhani wewe ni mnene."

Nyuma yake watu wanasukumana,
kuku wa mtu amefungua kamba,
rubani ameinua vidole viwili: dakika mbili.
Ungekuwa wewe, ungeuliza nini?
Juma lile la kimya lilinijaa mdomoni kama ugali wa moto.
Nikamuuliza wale mbuzi ni wa nani.
"Wangu," akasema.

Viatu nilimpunguzia kilo moja.
Ndege ikakimbia, ikainama kidogo, ikawa nukta juu ya msitu,
nami nikakaa na saa mkononi,
mimi ambaye siku zote huandika saa ya kuondoka
kisha naenda kunywa chai.

Thelathini. Arobaini. Arobaini na moja.
Wingu gani hilo. Arobaini na mbili.
Foni ikakohoa:
"Kavumu, tumefika. Andika arobaini na sita.
Tumezunguka juu mara tatu. Walikuwa katikati ya kiwanja,
wamelala, hakuna wa kuwafukuza."

Kwenye safu ya sababu
niliandika: upepo.