Guni

Nilianza kwa mizani, nane mbele nane nyuma,
kama baba, wa Pangani, aliyejua kupima,
kisha nikafika kwenye mwili wangu
na mstari ukamwagika.
Wajuzi mtaliita guni. Sawa.

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani
kwenye korona ya mkonge, upande wa Pongwe.
Robota moja, kilo mia mbili na hamsini.
Msimamizi alikuwa akinikonyeza: Bi Mwantumu, ongeza tatu,
meli haina macho.
Sikuongeza. Hata nusu.
Ndiyo maana nilistaafu na jina zuri na pensheni nyembamba,
kitu pekee chembamba nyumbani kwangu.

Leo mimi ni kilo mia na thelathini na nne.
Harusini, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
wananiita neema. Mawifi hunikalisha mbele
penye kupigwa picha, ionekane ukoo umekula ukashiba.
Daktari Semkiwa, pale Bombo, anauita ugonjwa:
alinichorea moyo wangu nyuma ya karatasi ya dawa,
mtu mdogo anapandisha robota ngazini, peke yake.
Na bima inauita urembo.

Mwili mmoja, majina matatu,
na mwenye kulipa ni mwenye jina la tatu.

Dirishani, kijana Shemhilu ameshusha kidole kwenye orodha
polepole, kama atafutaye jina la marehemu.
Sindano ya kila wiki imo,
ila ukurasa wa mwisho, wa visivyolipiwa,
kati ya krimu ya kung'arisha uso na jino la dhahabu.
Nikacheka. Tangu lini goti linalolia saa tisa usiku
likawa linatafuta mume?

"Mama," akasema, sauti chini ya kioo,
"kisukari kinalipiwa. Kikifika, njoo."
Kikifika.
Kama mgeni aliyepiga simu yuko Korogwe,
nianze kumtandikia kitanda.

Kununua mwenyewe? Dozi ya mwezi mmoja
ni pensheni yangu mara mbili, na nauli.

Nikarudi kwa daktari. Sukari: sita nukta nane.
Ugonjwa unahesabiwa kuanzia saba.
Kalamu yake ikasimama juu ya fomu.
Hakusema neno. Alitazama feni, kalenda, bahari dirishani,
kila kitu isipokuwa mimi.
Nukta mbili tu.
Na mimi nikasikia nyuma ya kisogo changu
harufu ya singa mbichi, na ile sauti:
ongeza, Bi Mwantumu, meli haina macho.

Andika sita nukta nane, nikamwambia.

Msinisifu. Nimejuta njia nzima,
kutoka geti la Bombo hadi kwa fundi baiskeli
niliposimama kuvuta pumzi,
na yeye akadhani nimeifuata ile ya kwangu, nyekundu,
niliyomwachia mwaka juzi spoku zilipoanza kukatika
moja baada ya nyingine, chini yangu, mbele za watu.
Bado anayo. Anaifuta vumbi kila Ijumaa.
"Spoku nene zipo," akasema, "nilikuwa nakusubiri tu."
Naye pia. Nikamwambia aiache ining'inie.

Ubeti wa kwanza uko mezani, mistari miwili, haujafungwa.
Nimehesabu kwa vidole: nane, nane. Baba angeridhika.
Lakini mengine yote yamezidi na sijui pa kukata.

Kipimo kingine ni baada ya miezi mitatu.
Tarehe nimeizungushia wino.
Usiku, baada ya isha, hunyanyua mikono
na, Mungu anisamehe, maneno hukwama hapo:
sijui niombe namba ishuke
au ipande.