Nyeusi, ya Mwaka Aliosafiri Makvala

Mjomba Badri ameileta ndani ya foronya,
kaikumbatia ngazi zote hadi orofa ya nne
kwa kuwa lifti inadai sarafu, naye hataki kuipa.
"Natuka, hebu nitazamie kompyuta hii.
Inahema kama mzee."
Namtazama anavyohema yeye, nanyamaza.

Kwanza nalitaka jina lake.
Lebo ya tumboni imesuguliwa na mapaja na meza,
imebaki gundi na tarakimu moja,
saba, au moja yenye kofia.
"Ni aina gani?"
"Nyeusi."
"Ya mwaka gani?"
"Ya mwaka aliosafiri Makvala."
Kwake kalenda ni hiyo tu.

Naipindua kifudifudi, nasukuma vikomeo viwili,
betri inachomoka kama jino lililochoka kuuma,
na chini yake, pasipofika jasho la kiganja,
kibandiko kizima, cheupe kama siku kilipobandikwa:
aina, namba, mwaka, mji wa kiwanda.
Kumbe jina lilikuwepo.
Lilikuwa limelaliwa.

Skrubu kumi na moja. Ya kumi na mbili haipo;
kuna mtu aliwahi kufungua kabla yangu, akaona haya kusema.
Nazipanga kwenye kisahani cha kahawa, mduara, kama saa.
Feni imevaa vumbi la Kutaisi,
manyoya ya paka aliyekufa wakati wa theluji,
punje ya sukari.
Napuliza. Mjomba anapiga chafya kwa niaba ya mashine.

Hapo ndipo naziona: nafasi mbili za memori.
Moja imekaliwa, giga mbili.
Ya pili tupu,
meno yake ya dhahabu hayajaguswa,
miaka kumi na minne iko wazi
ikingoja chochote.
"Hiyo imevunjika?"
"Haijavunjika, mjomba. Haijawahi kupewa."
Akarudi kitini, akakishika kikombe
ambacho kahawa yake ilikwisha zamani.

Sokoni Zaza alitaka lari thelathini
kwa kijiti cha giga nne kilichokwisha tumika.
Nikamwonyesha alama ya ukucha; tukaafikiana ishirini.
Diski ile iliyozunguka na kukoroma nimeitoa,
nimetia isiyozunguka, nyepesi kama biskuti.
Mjomba akaitegea sikio.
"Haina sauti. Nitajuaje kama inafanya kazi?"

Jumapili, saa ambayo bibi wa Bari hulala
na Makvala kupata jiko peke yake,
tukaiwasha. Sekunde kumi na nane.
Zamani mkazamjomba alikuja vipande vipande,
mdomo umekwama katikati ya neno,
sauti ikifuata nyuma kama radi,
na mjomba alikwisha zoea kuipenda miraba ile.
Sasa ametokea mzima:
beseni nyuma yake, mvi utosini,
na kwenye mkono kovu la pasi
ambalo hakuwahi kulitaja.
Mjomba akasogeza kiti nyuma, kama aliyefunguliwa mlango wa watu.

"Badri! Mbona umezeeka hivyo?"
"Si mimi, ni kompyuta. Natuka ameitia kitu."
Wakacheka, na kicheko kikafika
pamoja na mdomo wake.

"Hilo kovu, Makvala?"

Hakujibu.
Nikaangalia pembeni ya skrini: mtandao mzima, feni inazunguka taratibu,
memori ina nafasi ya kutosha.
Kilikuwa kimya chao wenyewe,
hapakuwa na wa kusingiziwa.

Nikaikunja foronya, nikatoka nayo jikoni.
Kisahanini imebaki skrubu moja.
Sijui ni ya wapi.