Wengi Mno Kuhesabika

Kisima alikichimba baba mwaka nilioachishwa ziwa,
pima tano kwenda chini kwa jembe la mpini mfupi,
mama juu, kamba kiunoni, akivuta udongo kwa ndoo,
nami nimelazwa kwenye kanga chini ya mkorosho.
Ndivyo nilivyosimuliwa. Mimi nakumbuka maji tu:
baridi, na utamu wa mbali,
kama muwa uliokwisha kutafunwa.

Pembamnazi yote iliijua chai ya kwetu.
Waliotoka mjini kukagua viwanja
walikunywa kata moja, wakaomba ya pili,
wakasema, haya sasa ndiyo maji.
Kisha wakajenga.
Kila nyumba na ukuta wake,
kila ukuta na shimo lake la choo,
na mchanga wetu, jamani, haujui kunyima:
chochote ukiupa, unapitisha.

Mwaka huu Chaurembo, fundi wa kamati,
alikuja na chupa iliyochemshwa, mdomo haujaguswa na mkono,
akaiteremsha kwa uzi taratibu
kama anayemlaza mtoto mwenye homa.
Muda wake saa sita, alisema,
ukipita huo chupa haisemi kweli.
Tukaitia kwenye kasha la muuza lambalamba,
barafu chini, barafu juu,
ikapanda pikipiki, ikapita kivuko cha Kigamboni,
mwana wa kijiji kwenda kupimwa mjini.

Karatasi ilirudi Ijumaa.
Mimi ndiye mweka hazina, msomaji wa tarakimu;
nimezoea: ndoo arobaini, hamsini hamsini,
nani kalipa, nani kasema kesho.
Kwenye mstari wa vijidudu vya kinyesi
hapakuwa na tarakimu.
Paliandikwa: wengi mno kuhesabika.

Nikahesabu wengine.
Mtoto wa Siwatu, masika yale ya matope.
Mapacha wa Mwinshehe, mmoja,
na kabla hatujakunja mkeka, wa pili.
Mdogo wangu Tabu, tuliyesema kapigwa jicho,
tuliyempa, tumbo likimwenda,
kata baada ya kata
ya maji yetu matamu, apate nguvu.

Gati lilikuwa limeshafunguliwa,
maji ya kisima kirefu, mita mia na kumi,
chini kabisa ya ule mfinyanzi wa bluu.
Mama alisema yananuka hospitali.
Alipanga foleni kama wenzake, akalipa hamsini yake,
akajitwika ndoo,
akaenda kufulia.
Usiku nikasikia kapi likilia uani.

Ndipo nilipomsomea karatasi. Yote.
Jina la Tabu sikulitaja.
Alikaa na kata mkononi, haijamwagwa, haijanywewa.
Kisha akauliza:
Vyoo vile, vya hao wageni,
vilichimbwa kabla ya mwanangu, au baada?
Nilikuwa na miaka tisa.
Nakumbuka siku ya maziko: hapakuwa na ukuta hata mmoja,
korosho tupu mpaka baharini,
na choo kilikuwa kimoja, cha kwetu,
hatua kumi na mbili kutoka kisimani.
Kabla, mama, nikasema.
Vilikuwepo. Wewe umesahau.

Jumamosi tukamwaga zege.
Chaurembo alifunga nondo, vijana wakapepeta kokoto,
na maji ya kuchanganyia saruji yakapungua.
Mtu akaenda kuchukua ndoo gatini.
Mama akamzuia.
Akateka mwenyewe, mara saba, kamba ikimkata viganja,
akamimina juu ya mchanga,
na kisima kikafunikwa kwa maji yake.

Jioni alibandika chai ya gati.
Akaonja, akakunja uso, akatia sukari.
Akaonja tena.
Mimi, mwenye daftari,
vijiko vile sikuvihesabu.