Mia na Tisa

Sakina, nyuma ya duka letu la vifaranga,
kuna nafasi ya gari moja na kuku watatu.
Loishiye aliipima kwa hatua,
akaweka jiwe kila kona, akapiga mluzi.
Nikajua pesa zangu zimeshaondoka.

Arusha hii, nikamwambia, Landrova zimelala kila uani
kama ng'ombe wazee wasiochinjika;
wewe unaagiza nyingine Uingereza?
Si sawa na kununua ndizi ng'ambo uzipeleke Machame?
Akasema za hapa zimeshonwa mno,
kila moja ni viraka vya marehemu watano.
Alitaka yenye baba mmoja, mama mmoja,
chesisi na injini zilizozaliwa tumbo moja,
sabini na nne, mwaka wake yeye.

Mwenye gari alikuwa mjane huko Welisi:
milima, mvua, kondoo kuliko watu.
Alituma picha kumi na mbili.
Kumi na moja za gari,
moja ya mumewe, ameegemea boneti, kavaa gambuti.
Hakueleza kwa nini. Hatukuuliza.

Daftari lina mwandiko wangu:
bei ya mjane;
nusu kontena, maana nusu nyingine ilibeba
magodoro ya mtu wa Kahama;
bima; wakala Mashauri,
ambaye simu yake hupatikana siku ya kulipa tu;
siku kumi na tisa za kulala bandarini;
halafu ushuru, halafu ushuru wa ushuru,
halafu uchakavu.

Nisimame hapo kidogo.
Mjane aliliita mzee wetu.
Mafundi wa Unga Limited waliliita adimu.
Forodha wakaliita chakavu, wakapiga muhuri,
na kwa neno hilo moja
ikaondoka ada ya mihula miwili ya Namnyaki.
Mama mkwe yeye aliuliza,
"Si ya bwana mifugo hii?"
akatafuta kwa macho ng'ombe wa kuchanjwa.

Lilifika usiku, umeme umekatika,
majirani wamewasha tochi za simu.
Kijani cha maji ya bwawa.
Loishiye aliliwekea kiganja
kama unavyompima mtoto homa.

Asubuhi fundi Kaaya akalala chini yake.
Kule, akasema, humwaga chumvi barabarani
barafu iyeyuke, na chumvi haisahau.
Akagonga chesisi kwa bisibisi.
Bisibisi ikazama.
"Mkate," akasema.
Loishiye akaenda kunawa mikono,
na hakuwa ameshika kitu.

Wiki tatu za kuchomelea.
Chuma kilitoka uani kwa Sarakikya,
kwenye gari lililokufa mwaka wa mvua ya elinino.
Basi naye akapata marehemu wake wa kwanza.
Sikusema neno. Niliandika bei.

Mimi nikapewa kufagia ndani.
Chini ya benchi la nyuma, kwenye pembe
ambayo hata maji ya presha hayafiki,
nikachomoa kibonge cha sufu ya kondoo,
kimekaza, bado kina mafuta.
Loishiye akakisugua kati ya vidole
macho kafumba. Jike, akasema,
na alikuwa na mimba.
Sijui kama alinidanganya.

Jumapili limewaka mara ya nne.
Moshi mweupe, kuku juu ya paa.
Tukapanda Ngaramtoni kwa gia namba mbili,
gari likienda kama mtu anayejadiliana na goti lake,
Namnyaki nyuma akihesabu waliotupungia,
Meru haupo, wingu limeumeza.
Nilikuwa nimejiandaa kuuliza: utalipa lini?
Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Dar.

Badala yake nikamwambia shuka, egemea boneti.
Gambuti za kuazima, zimembana.
Nikapiga picha moja, nikaituma Welisi.
Sikueleza kwa nini.

Hajajibu bado.
Na daftari liko pale pale, chini ya mizani ya pumba,
Loishiye anadaiwa.