Nyota Kumi na Saba

Ukungu wa Julai umelalia nyasi za Uwanja wa Wilson,
nami nafungua kifuniko cha injini ya ndege ya miraa
inayotakiwa Wajir kabla majani hayajanyauka.
Mkono unajua njia. Akili iko Frunze,
mwaka wa sitini na tano, theluji magotini,
na Meja Rodion Salnikov anagonga ubao kwa fimbo.
Aliniita Vasili, maana Ing'utia
lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Litazame jua," alisema, "lakini kwa kidole gumba."
Akafumba jicho moja, akainua dole lake.
Kucha haikuwepo. Iliondoka na baridi ya Volkhov.
"Adui hukaa pale penye mwanga mwingi.
Asiyeliziba jua hafiki kwao jioni."

Ilisemwa ameangusha ndege kumi na saba.
Sisi, vijana wa Kakamega, Accra na Bamako,
tulitaka hesabu: ya kwanza wapi, ya mwisho vipi?
Yeye akatuhesabia mengine:
gundi ya mabawa iliyonuka maziwa yaliyochacha,
ubao mwembamba kama mgongo wa kabati,
na Tolya, mwenzake wa ubavuni,
aliyemezwa na wingu, wingu lisimteme.

Ya tano, rubani wake aliruka kwa mwavuli.
"Nilimzunguka mara mbili. Kiatu kimoja kimemvuka.
Soksi nyekundu, ya kufumwa kwa mkono.
Kuna mtu alikaa, akaifuma.
Nikageuza, nikaenda zangu."

Na nyota ubavuni mwa ndege?

"Hizo alizipaka Klavdia, fundi wangu.
Mimi niliruka tu. Yeye alibaki chini,
anayeyusha mafuta ya injini kwa moto wa kuni,
anashika spana bila glovu, kwa kuwa glovu haisikii nati.
Nikirudi aliigusa ndege kwanza,
halafu ndipo aliponiuliza kama ni mzima.
Baada ya ile ya kumi na saba, bomu lilimkuta karakanani.
Nikaangusha ya kumi na nane. Na ya kumi na tisa.
Hakuna aliyezipaka.
Kwa hiyo hazipo."

Akafuta ubao. Tukaendelea na kabureta.

Nilirudi Nairobi na cheti cha herufi za Kirusi.
Karani wa Eastleigh alikishika kichwa chini miguu juu,
akauliza nilisomea ng'ombe au ukomunisti.
Nikapewa ufagio. Miaka miwili nilifagia
chini ya injini ambazo ningezifungua gizani,
na nati zikianguka nilizijua kwa mlio,
saizi kumi, saizi kumi na tatu,
nikiokota, nikinyamaza.

Sasa Abdirashid anapanda na miwani yake ya jua,
kijana wa juzi, anatafuna peremende.
Ndege inakimbia, inajinyanyua, inaipita mbuga.
Nafumba jicho moja. Nainua dole.
Naliziba jua mpaka mlio unakwisha.

Saa tisa anashuka. Naigusa ndege kwanza,
ubavu bado una joto,
halafu ndipo namuuliza kama ni mzima.
Anasema juu ya Isiolo upepo ulikuwa mbaya,
na je, chai ipo?