Pete ya Shaba

Mto ni mmoja, majina mawili:
sisi twauita Ipoly, wao Ipeľ,
nao haujawahi kuitika kwa lolote.
Upana wake, kiangazi, mtoto anauvusha jiwe.
Kwa barabara, kutoka Kisrév hadi Brodná,
ni kilomita ishirini na sita,
maana daraja lililipuliwa bibi yangu akiwa kigori,
na nguzo zake mbili zimebaki majini
kama magego yaliyokosa taya.

Mimi ni karani wa halmashauri.
Nina meza, muhuri, na mashine ya kunakili inayokohoa.
Siku ghala la Želmíra liliposhika moto ng'ambo,
zimamoto wetu wa kujitolea walivuka kwa miguu,
mpira mabegani, maji kifuani,
wakafika kabla ya gari la mjini.
Wakakuta pampu ya Brodná ina mdomo mpana,
mpira wetu una mdomo mwembamba.
Nyasi kavu za msimu mzima zikawa majivu
hatua arobaini kutoka mtoni.
Vendel alitoka machozi. Alisema ni moshi.

Basi tukaomba fedha.
Ipo mifuko, tuliambiwa, ya ushirikiano wa kuvuka mpaka,
kwa halmashauri ndogo na vikundi kama nyinyi.
Tulihitaji pete moja ya shaba
ya kuuozesha mpira wa huku kwa pampu ya huko.
Bei yake: euro thelathini na nane.
Kiwango cha chini cha ombi: euro elfu ishirini.

Mwenye shida ndogo, kumbe, hana mfadhili.
Ilibidi shida yetu tuinenepeshe.
Tukaongeza tamasha la supu,
warsha ya kujenga uwezo,
kibao cha lugha mbili
chenye nembo kubwa kuliko maandishi.
Bohumír, mkuu wa zimamoto wa Brodná,
alivuka viatu vikiwa shingoni,
bajeti ndani ya mfuko wa nailoni.
Tukakesha jikoni kwangu,
yeye na Kislovakia chake, mimi na Kihungari changu,
tukielewana kwa tarakimu na pombe kali ya plamu.

Swali la kumi na nne:
Elezeni thamani ya ziada ya kuvuka mpaka.
Bohumír akachora mto,
akachora nyumba inayowaka,
akanirudishia kalamu.
Nikaandika: uimarishaji wa ustahimilivu wa pamoja.
Nikaona haya.

Kurasa sabini na nne. Mihuri kumi na mmoja.
Malipo: baada ya kutumia, si kabla.
Yaani utalishwa nyama
ukishaonyesha mfupa.

Miezi tisa, na hakuna aliyezaa.
Wa kumi, Vendel akachoka na barua za "tunalishughulikia".
Alichukua kipande cha shaba cha kitanda cha nyanya yake,
akakikereza karakanani usiku mmoja,
na Jumapili tukakutana katikati ya mto, maji magotini,
tukafunga pete.
Ilifoka kidogo, ikashika.
Maji yakapita pampu yao, yakatokea mpira wetu,
yakazilowesha kwaya zote mbili zilizokuja kutazama.
Želmíra alisimama kando, hakupiga makofi.
Alishika mpira kwa mkono mmoja,
akausikia unavyotetemeka.

Jumatano jibu likaja, karatasi nzito, nzuri:
Ombi lenu lina sifa. Hata hivyo,
kwa kuwa shughuli kuu imeanza kabla ya mkataba,
gharama ya pete haikubaliki.
Supu, warsha na kibao vimeidhinishwa.

Kibao kimesimama ukingoni.
Kinasema mara mbili kwamba hapa pana ushirikiano.
Watoto hukilenga kwa mawe, wa pande zote.
Pete, wiki hii, inaning'inia kwenye msumari kule Brodná;
wiki ijayo ni zamu yetu.
Daftari la zamu ninalo mimi. Halina swali hata moja.

Mwezi ujao maombi yanafunguliwa tena.
Safari hii tunaomba daraja.
Tumeshaambiwa ni kubwa mno kwa mfuko huu.
Nimechemsha kahawa, nimechonga penseli.
Dirishani namwona Bohumír, ng'ambo,
anakunja suruali.