Godoro la Mbwa

Fundi Mwadime wa Kongowea
aliniuliza, kama anayepima suti:
"Hulala amejikunja au amejinyoosha?"

Joto likizidi, nikasema, hujibandika sakafuni kama chapati;
masika yakiingia, pua mkiani.
Nyonga ya kushoto yamsumbua. Kilo ishirini na tatu.

"Basi sponji ngumu, isiwe nene,
na turubai juu, ya kufulika."

Nikamwelekeza kwenye mkokoteni:
godoro langu, tano kwa sita, toka Mikindani.
Kata hapa.

"Upande huu una shimo."

Ndio huo. Shombo analijua shimo hilo,
hulinusa kila asubuhi kabla sijabandika chai.

Kisu kikasita.
"Na mwenyewe akirudi?"

Kata, fundi.
Mkokoteni nimeukodi kwa saa.